Nyuzi za Mugomba Tulizomutumia Munganga

Mimi sikusoma mchana. Mchana nilichimba mifereji ya barabara, na jioni, udongo ukiwa bado kwenye kucha, nilikaa kwenye masomo ya jioni kule Masisi pamoja na wanaume wenye ndevu. Tuliimba a, e, i, o, u kwa nguvu mpaka ng'ombe wa mulima wa pili, nakuapia, wakaanza kusoma. Nilipopata cheti nilikikunja ndani ya shati, nikateremka nacho hadi Kalembe kwa ndugu za mama. Baada ya siku mbili hakuna aliyeniita jina langu tena. Wote Karani, Karani. Hata mbuzi.

Mujomba wangu nilimukuta amekaa, na hiyo peke yake ilikuwa habari. Yeye alikuwa muwindaji, muntu wa kukimbia mbele ya mbwa wake mwenyewe. Sasa alikuwa na kidonda kwenye muundi wa muguu, tangu kijiti kilipomuchoma porini, na kilikuwa kinakula polepole. Muuguzi aliyekuwa akipita na sanduku la dawa alimwambia aende hospitali ya Masisi. Mujomba akakataa. Alishamuona muntu mumoja wa bondeni aliyekwenda huko na miguu miwili, akarudi na mumoja.

"Wakikata muguu, mimi nitakuwa nani?" aliniuliza. "Mulinzi wa kuku?"

"Kuku gani?" muke wake akajibu toka jikoni. "Na hii harufu, kuku wenyewe watahama!" Kisha akatoka, akanielekezea mwiko. "Si uko na mwipwa mwenye cheti? Aandikie munganga wa hospitali. Barua haina muguu wa kukatwa."

Akili za yule mama! Nikachukua kaye, daftari langu la masomo, na kalamu.

Hapa lazima niseme ukweli. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua nzuri inagusa moyo, na mimi nilitaka kuugusa mpaka uanguke. Niliandika kwamba kidonda kiko kipana kama sahani ya harusi. Niliandika kwamba mufupa unaonekana toka barabarani, na ndege wakipita juu ya nyumba wanaanguka kwa harufu. Nikasoma kwa sauti mbele ya watu wote. Mama mumoja akalia. Mujomba mwenyewe akatikisa kichwa: "Masikini huyu muntu! Ataishi kweli?"

Barua ikaondoka na tarishi. Jibu likarudi juma lililofuata, mistari mitatu, kwa Kiswahili cha munganga muzungu, kigumu lakini wazi. Kama iko hivyo, muguu hauponi tena. Mumubebe kwa machela, mara moja. Nitakata chini ya goti ili aishi.

Nilimaliza kusoma. Mujomba akashika muguu wake kwa mikono miwili.

"Mwipwa wangu," akasema, "umenikata muguu na kalamu."

Akaomba mukuki wake na kifurushi. Alisema atahamia ndani kabisa ya pori la Walikale, mahali tarishi hajui. Na pale, bila maji safi wala muntu wa kumuosha, kidonda kingemaliza kazi ambayo barua yangu ilianza. Nilipiga magoti. Nilimuomba barua moja tu tena.

"Nakungoja mpaka siku ya soko," akasema. "Jua likizama, niko naenda."

Muke wake akasimama nyuma ya bega langu. "Sasa utaandika na mimi niko naangalia. Ukiongeza kitu, hautakula."

Ni yeye aliyechuna uzi wa mugomba, akaunyoosha juu ya kidonda, akafunga fundo huku na fundo kule. Uzi mumoja wa urefu, mumoja wa upana. Kweli yake, kidonda kilikuwa kama yai la kuku. Tukatia nyuzi ndani ya bahasha, nami nikaandika: Kidonda ni hiki. Mufupa hauonekani. Vidole vinacheza. Homa hakuna. Barua ya kwanza niliongeza maneno, unisamehe. Mistari mitano! Kuchimba mufereji wa mawe hakujawahi kuniumiza hivyo.

Siku ya soko mujomba alikaa mulangoni, kifurushi mapajani, akipima jua. Tarishi alitokea kwenye kona na bahasha na kapaketi.

Kidonda cha nyuzi hizi kinapona, munganga aliandika. Uchemshe maji, utie punje mbili za dawa ya zambarau, uoshe asubuhi na jioni. Kitambaa kichemshwe, kikauke juani. Unga mweupe wa dawa, kidogo tu. Majivu hapana, majani hapana. Muguu ukae juu kuliko moyo. Nitumie nyuzi kila juma.

Basi muwindaji mukubwa wa Kalembe akalazwa chali, muguu juu ya kinu, akiwaamrisha mbwa kwa kidole. Watu walitoka vilima vinane kuja kutazama. Wazee walikuja na mambo yao ya kimila, muke wake akawazuia mulangoni na muchi: "Karibuni. Kichwa muchukue, kifua muchukue. Muguu ni wa munganga." Wakamuombea kuanzia kiunoni kwenda juu, wakaenda zao wameridhika.

Nyuzi zikafupika. Yai likawa kokwa, kokwa likawa ukucha. Juma moja mujomba alitaka kupima mwenyewe, akasogeza mafundo ili apone haraka. Muke wake akamupiga kofi la mukono. "Wewe na mwipwa wako muko damu moja!" Akafunga upya.

Mwisho munganga aliandika: njoo nikuone. Mujomba aliisoma bahasha kwa pua, kama mutego. Lakini alikwenda, siku mbili kwa muguu, mimi nyuma. Munganga alibonyeza ngozi mpya kwa kidole gumba, akasema, "Ruka." Mujomba akaruka, karibu atoboe dari. Yule muzungu akacheka, akatuambia kwamba kwao zamani, miaka kama mia mbili iliyopita, wanganga wakubwa walitibu kwa barua tu. Mugonjwa anaandika, munganga anajibu, hawaonani mpaka kufa.

"Wale walikuwa na akili," mujomba akasema, akirudi nyuma hatua mbili toka kwenye meza ya visu.

Kurudi nyumbani alinitangulia. Kwenye mulima wa kwanza nilimuona mugongo, kwenye wa pili nilisikia wimbo tu, kwenye wa tatu hata wimbo hakuna. Nilipofika Kalembe, paa wa mawindo ya mujomba alikuwa ameshachunwa, yuko motoni, na mbwa wote wamelala chali, ndimi nje, hawana pumzi hata ya kunibwekea.