Jibu la Bosi Limekufa, na Kuuliza Tena ni Dhambi

Admin, nifiche jina. Nina miaka ishirini na sita, nimezaliwa Dagoretti, na kwa miezi mitano niko kwenye majaribio katika kampuni ndogo ya programu za kompyuta hapa Kilimani. Ijumaa wanaamua kama nitaajiriwa.

Kazi yangu ilikuwa programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kliniki moja siku zao za kumwona daktari. Nilipokwama kwenye kuhesabu tarehe, nikauliza katika jukwaa la mtandaoni ambako waandishi wa programu husaidiana. Dakika kumi hazikuisha, wasimamizi wakalifunga swali. "Liliulizwa miaka tisa iliyopita. Tafuta kwanza." Wakaniachia kiungo cha jibu la zamani. Watu hawa nimewajua: jibu hawalijui, wanajua tu lilipozikwa.

Nikalitumia bila kulijaribu. Hilo ni kosa langu, sikatai. Ujumbe ukawafikia wagonjwa siku moja baada ya miadi. Mama mmoja mzee mwenye sukari alifika kliniki akaambiwa siku yake ilikuwa jana.

Bosi aliponiita, nikamwonyesha nilikolitoa. Akacheka.

"Hiyo jibu ni yangu, madam. Imesaidia watu wengi kabla hujajua kuwasha kompyuta. Shida ni wewe."

Kweli ni lake. Huwaonyesha wageni kura alizopigiwa jukwaani kwa jibu hilo kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Jibu lenyewe nimelipima mara nne. Vifaa vimebadilika tangu alipoliandika, jibu limekufa, naye hajaligusa. Nilipomwambia hivyo, akanisukumia barua ya kukiri uzembe, niitie sahihi kabla ya Ijumaa.

Nimeliandika swali upya, na ushahidi wote. Imebaki kubonyeza tu liende jukwaani. Mercy, tunayekaa naye meza moja, ananisihi: "Wacha, msichana. Huko kuuliza kitu ishaulizwa ni kama kuiba kuku. Watakuchamba, na bosi atajua tu ni wewe."

Ningenyamaza. Lakini jana Mercy alipewa kazi ya kliniki ya pili, ya watoto. Bosi amemwambia atumie jibu lilelile, "ila wewe uwe makini." Naye ameitikia, "Sawa, bosi," huku akijua limekufa.

Wenye akili humu, si wale wa kuniambia niombe tu: nibonyeze nipoteze kazi, au nitie sahihi niwe mmoja wao?