Gari Lililougua Surua

Gari lilipoingia uani, mama mdogo hakulishangilia kama sisi wengine. Alilizunguka. Akalizunguka tena akiwa ameinama, akapitisha kidole pale mlango unapokutana na bodi, kisha akaingia ndani na kutoka na roli la stika nyekundu. Baba mdogo alikuwa bado kwenye usukani, anatabasamu kama bwana harusi, anasubiri kupongezwa. Pongezi aliyoipata ni stika ya kwanza, juu ya taa ya mbele iliyokuwa na ukungu kidogo ndani ya kioo chake.

Ili umwelewe mama mdogo, lazima uijue kazi yake. Zaidi ya nusu ya umri wake ameutumia kuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo. Anasimama mwisho wa mstari wa cherehani, chini ya taa nyeupe zisizo na huruma, na kila shati linapita mikononi mwake kabla ya kukunjwa. Akiona uzi unaning'inia, kifungo kimekaa upogo, au kola ina sikio moja refu kuliko jingine, anabandika stika nyekundu na kulitupa shati kwenye kikapu cha pembeni. Hasemi kitu, stika ndiyo inayosema. Kiwandani wanamwita Mama Kasoro, na jina hilo analivaa kama nishani. Mimi ni mtoto wa dada yake, naishi kwake, na niliwahi kushona kwenye mstari huohuo. Udugu haukuniokoa hata siku moja.

Alikuwa na kanuni aliyomfundisha kila mkaguzi mpya: kosa likitokea mara moja, laumu kitambaa, likijirudia palepale, achana na nguo, kamtazame aliyeishona. Kwa kanuni hiyo aliwahi kumfuata mshonaji mmoja ambaye mifuko yake ya kushoto ilikuwa ikienda mrama, akagundua kwamba mama yule alikuwa anaficha kidole kilichovimba. Wakamrudisha nyumbani akajiuguze, na kiti chake akapewa mwingine. Mama mdogo alipenda kutusimulia kisa hicho mezani kama mfano wa kazi safi. Sote tulikuwa tunasikiliza, baba mdogo akiwemo.

Baba mdogo alikuwa dereva, tena si dereva wa kubahatisha. Alimwendesha mkurugenzi wa kampuni moja miaka na miaka, na alizoea kutuambia kwamba bosi wake alikuwa akinywa chai kwenye kiti cha nyuma bila kumwaga tone. Kampuni ilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Mwanaume aliyekuwa akinyoosha suruali kila asubuhi akawa anashinda na kandambili, anasoma gazeti la juzi na kugombana na kuku wa jirani. Kiinua mgongo chake ndicho kilichonunua lile gari, la mtumba lakini kwetu jipya, na alikuwa amekwisha patana na wazazi wa mtaani kuwapeleka watoto wao shule na kuwarudisha. Abiria wa kwanza angekuwa mjukuu wake mwenyewe, tuliyekuwa tunaishi naye. Shule zikifunguliwa tu, anaanza kazi. Siku aliyotupa habari hiyo alikuwa amevaa viatu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, wanasema, lakini mama mdogo alianzia kwenye kidonda. Droo ya mbele ya abiria ilifunguka yenyewe kila gari lilipokanyaga shimo, ikakumwagia karatasi mapajani. Kioo cha mlango wa nyuma kilipanda kwa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia. Mkanda wa kiti ukiuvuta unakuja, ukiuachia haurudi. Honi ilikuwa na mafua. Na ndani ya dashibodi aliishi mwanamke: kila gari lilipowashwa alitoa salamu ndefu kwa lugha ya huko gari lilikotoka, na hakuna aliyejua namna ya kumnyamazisha. Baba mdogo alimpenda sana. Alikuwa akimwambia mkewe kwamba mke mwenziwe anamsalimu, naye mama mdogo akabandika stika kwenye spika.

Haikuchukua muda majirani wakaliita gari Surua. Watoto walisimama getini kutazama kama vipele vimeongezeka. Mwanzoni baba mdogo alicheka nao. Mchagua jembe si mkulima, alisema, akawa anaosha gari huku akizikwepa stika kwa kitambaa. Mama mdogo alijibu kwamba yeye hachagui jembe, anachagua kitu cha kubebea watoto wa watu, na hakuna mtoto atakayepanda gari ambalo yeye hajalipitisha. Katika hilo nilimuunga mkono, ingawa kimoyomoyo nilimwonea mzee huruma.

Akaitwa fundi wa magari, mtu mnene mpole anayeimba chini chini akiwa kazini. Alibana droo kwa kipande cha boksi, akatia grisi kwenye reli ya kioo, akabadilisha spring ya mkanda, akakausha ukungu wa taa, akaitibu honi. Kila alichokitengeneza alikibandua stika na kumkabidhi mama mdogo kiganjani. Alimwambia kwamba akikagua magari namna ile, hata lililotoka kiwandani leo atalikataa. Mwanamke wa kwenye dashibodi alimshinda, akamwacha aendelee kusalimia. Jioni ile mama mdogo alilizunguka gari akakosa pa kubandika, akasema sasa linaelekea kuwa gari.

Kesho yake palikuwa na mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma.

Baba mdogo alisema ni pikipiki, ilimpitia sokoni. Siku iliyofuata rimu ya tairi la mbele ilikuwa imekwanguka kama kiazi kilichomenywa vibaya. Akasema pengine walimuuzia hivyo, ni vumbi tu lilikuwa limeficha. Halafu kioo cha pembeni kikakutwa kimekunjika na kifuniko chake kina ufa. Hiyo, alisema, ni mtoto wa mtu na mpira wake. Stika zikarudi. Mama mdogo alimpigia simu muuzaji na kumwambia amewauzia mbuzi kwenye gunia; muuzaji akaapa kwa kila alichokijua kwamba gari lilitoka kwake halina hata alama ya ukucha. Waligombana mpaka salio likaisha. Wakati wote huo baba mdogo alikuwa ameketi pembeni anafunua gazeti, na hakumtetea mkewe wala muuzaji. Jambo hilo lilinishangaza, nikalipuuza.

Nyumba ilipoteza raha. Mzee aliacha kucheka na majirani, akaacha hata kumtania mkewe kuhusu mke mwenza. Asubuhi moja, mama mdogo akiwa amechuchumaa kwenye bampa na roli lake mkononi, mumewe alimuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani ukikuta kitu kizima utakufa?" Mama mdogo alibandika stika aliyokuwa ameishika, akasimama, akaondoka. Siku hiyo walizungumza kupitia kwangu: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimesikia.

Ikafika Jumamosi, Jumatatu shule zinafunguliwa. Mama mdogo aliniagiza nilioshe gari, akavuta kigoda akakaa kwenye kivuli cha ukuta kunisimamia. Nilianza upande wa dereva. Nilipomaliza nikazungukia upande wa pili nikamuuliza kama nibandue stika kwanza au nizioshe hivyohivyo. Niligeuka nikamwona amesimama, ametoa miwani, anaifuta kwa kanga, anaivaa tena. Anatazama gari lote kwa mara ya kwanza akiwa mbali nalo. Upande wa dereva ulikuwa safi, hauna hata doa. Stika zote zilikuwa kushoto.

Alitembea mpaka getini. Kwenye nguzo, usawa wa kiuno, kulikuwa na mstari mrefu wa rangi ya gari letu. Aliugusa kwa kidole kilekile cha kukagulia. Nikamsikia anasema peke yake, taratibu, "Likijirudia palepale." Hakumalizia, wala sikuhitaji amalizie.

Mama mdogo akigomba huna haja ya kuogopa, akinyamaza, jiandae. Chai ya jioni aliitenga mwenyewe. Kikombe cha mumewe, ambacho siku zote hukaa kulia kwake, alikiweka kushoto. Mzee aliketi, akapapasa kulia, akauliza chai yake iko wapi. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua mkate na kikombe kikapinduka mezani. Alikitazama kwa kugeuza shingo yote, kama mtu anayeitwa na mtu aliye nyuma yake.

Hapo mambo mengi yalinijia kwa pamoja. Vikombe alivyovunja mwaka ule, na matusi aliyoyapata kwa kila kimoja. Jinsi alivyohamisha kiti chake mezani akadai anakimbia upepo wa dirishani, na tangu hapo sisi sote tukawa tunakaa kulia kwake. Jinsi nilivyomsalimia mara nyingi barazani naye asiitike mpaka nimzungukie, nikadhani mzee ameanza maringo. Mama mdogo alifuta chai, akakirudisha kikombe kulia.

Jumapili mchana baba mdogo alivaa shati la kazi na kutangaza kwamba anakwenda kuipitia njia ya shule, na mjukuu amsindikize. Mtoto alikuwa amekwisha kaa kiti cha mbele, kushoto, amejifunga mkanda uliotengenezwa. Injini iliwaka, mwanamke wa dashibodi akasalimia. Mama mdogo alitoka jikoni akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto, akaufungua, akamfungua mtoto mkanda na kumteremsha. Yote hayo aliyafanya karibu kabisa na mumewe, na mumewe alikuwa anatazama mbele, anarekebisha kola. Aliposikia mlango ukifungwa akasema, "Mjukuu wangu, tayari?" Kiti kilikuwa kitupu.

Mama mdogo alizunguka mbele ya gari akasimama dirishani kwake.

"Zima gari, baba watoto."

"Umeona nini tena?"

"Fumba jicho la kulia, kisha uniambie mtoto yuko wapi."

Hakulifumba. Alizima gari, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Nilidhani atakasirika, na pengine hata mama mdogo alitamani akasirike. Mzee alisema tatizo la jicho la kushoto lilianza akiwa bado kazini, kama mawingu pembeni, akadhani yatapita kama mawingu mengine. Halikuwa linauma. Alilificha kwa bosi, akalificha kwa daktari wa kampuni, na kulificha nyumbani hakukumpa shida kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamtazama usoni.

"Na mimi je?" mama mdogo aliuliza. "Mimi mkeo. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe ndiye wa mwisho ningekwambia," alisema. "Wewe ukiona kasoro unabandika. Kikishabandikwa kitu kinatupwa kikapuni, na mstari unaendelea. Yule mama wa mifuko ulituambia mwenyewe."

Roli la stika lilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya mama mdogo, na mkono wake ulikwenda pale kwa mazoea, ukashika roli, ukabaki humo. Mtoto alimuuliza kwa nini analia. Alimwambia ni vitunguu, na jikoni siku hiyo hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Baba mdogo alichomoa ufunguo akampa kupitia dirishani. Alibaki amekaa mle ndani, mlango umefungwa, mpaka jua likahama uani.

Alasiri ile mama mdogo alijitanda kanga akaniambia nimfuate. Tulizunguka kwa wazazi wote walioahidiwa. Niliogopa atakachosema, kwa maana namjua: mwanamke huyu hajawahi kupitisha shati bovu hata alipobembelezwa na meneja. Kila mlango alisema maneno yaleyale. "Gari lina kasoro. Sijalipitisha. Mtusamehe." Hakuna aliyeuliza zaidi, nani angebishana na Mama Kasoro kuhusu kasoro, na surua yenyewe wameiona kwa macho yao? Baba mmoja alisema kwa masikitiko kwamba dereva mzuri namna ile ameponzwa na gari. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa. Tuliporudi alibandua stika zote, moja moja, akipitisha kucha taratibu zisiache gundi. Gari likabaki linang'aa, halina dosari ila mikwaruzo ile ya kushoto.

Jumatatu asubuhi watoto wa sare walijaa barabarani. Mama mdogo na mumewe walitoka kwa miguu kwenda hospitali ya macho, nami nikawafuata nyuma na mfuko wa chai. Hatukuwa tumejua bado kwamba daktari angesema ni presha ya jicho, kwamba kilichokwenda hakirudi, na kwamba dawa ya matone ni ya kuokoa la kulia. Tulijua tu kwamba ni vibaya.

Kwa kawaida mama mdogo hutembea mbele, haraka haraka, na mumewe nyuma akimwita apunguze mwendo. Siku hiyo alitembea kushoto kwake, hatua kwa hatua, kimya. Walipofika njia panda baba mdogo alisimama, akageuza kichwa kulia, akatazama barabara tupu.

"Mama watoto," aliita, "umeniacha?"

"Nipo huku," alisema, na akamshika mkono.