Kondo Nililoliiba Wodini

Kuna asubuhi moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, naona haya mpaka leo. Ilikuwa miaka ya sabini. Ndinda, mdogo wangu, alikuwa amejifungua kifungua mimba wake katika hospitali ndogo huko milima ya Mbooni. Mimi ndiye niliyemsindikiza, na niliingia pale simwamini hata mlinda lango.

Aliyenitia shaka zaidi ni Mama Kioko. Hakuwa nesi. Alipiga deki, akachemsha maji, akaosha mabeseni, lakini kila mara nilimkuta akichungulia kitanda cha Ndinda. Kisha nikamwona amebeba kondo la nyuma ndani ya beseni, amelifunika kitambaa, akaliweka kando ya dirisha. Kwetu kondo lilizikwa na watu wa nyumbani. Likishikwa na mwenye nia mbaya, tuliamini, mwanamke hazai tena. Nikajiambia wasiwasi ndio akili. Alipogeuka nililitia kiondoni, nikashika njia ya nyumbani.

Sikufika mbali. Mama Kioko alinifikia kwenye mteremko, anahema.

"Mwiitu," akaniita, yaani msichana kwa Kikamba, "lete hiyo kitu."

"Unataka kuipeleka wapi?"

"Sipeleki mahali. Nimewekea nesi aangalie kama imetoka yote. Dada yako anatoka damu mingi."

Hata hapo sikumwamini. Nilirudi naye nikiwa nimekumbatia kiondo mwenyewe. Nesi alilitandaza kondo, akatuonyesha pengo: kipande kilikuwa kimebaki tumboni. Wakati huo Ndinda alikuwa amepoa mikono, ananiita kwa jina la marehemu mama yetu. Walimwahi, akapona. Lakini mimi najua nusura nimuue dada yangu kwa ujanja wangu.

Baadaye Mama Kioko aliniletea kondo, amelifunga vizuri.

"Sasa enda mkaizike," akasema. "Ungeniuliza tu. Hata mimi nimezaa, na yangu ilizikwa kwetu."

Nikalipokea kwa mikono miwili.

Mwanangu, sikwambii umwamini kila mtu. Mimi mwenyewe wageni wakiondoka bado nahesabu vikombe. Lakini shaka ikikuingia, itoe kwa mdomo kabla hujaitoa kwa mkono. Kuuliza si ujinga. Na ukifika wodini usimdharau mwenye ufagio, maana huenda ndiye wa kwanza kuona damu.

Mungu akupe jicho kali na ulimi usioogopa kuuliza. Na kila utakayemsindikiza kujifungua, urudi naye nyumbani akitembea, mtoto mgongoni.