Watawa Wadogo wa Siku ya Ukungu

Harufu ya chapati zilizofungwa kwenye foili zikiwa bado moto hunirudisha moja kwa moja kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Doha. Wengine wanaukumbuka uwanja ule kwa manukato ya madukani. Kwangu mimi ni chapati, kwa sababu mama yangu hakuamini hata siku moja kwamba ndani ya ndege kuna chakula cha maana. Kila tulipokwenda likizo Kenya aliamka alfajiri katika fleti yetu ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akasukuma chapati utadhani tunavuka jangwa kwa miguu, na begi lake likanukia jikoni mpaka Nairobi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Kevo mitano. Mama alikuwa muuguzi, baba alifanya kazi ya kompyuta ofisini. Ukungu wa Desemba ulikuwa umeufunika uwanja wote asubuhi hiyo, ndege haziruki, watu wamejaa kwenye viti na wengine wamejilaza sakafuni, vichwa juu ya mizigo. Ili nisimtie wazimu, baba alinivisha mkononi kamera yake ndogo mpya ya dijitali, akaniambia nipige picha ya chochote isipokuwa watu waliolala. Nikapiga picha ya viatu. Nikapiga ya dari. Nikampiga Kevo akijichokonoa pua, tena mara kadhaa, maana hakuwa na haraka.

Ndipo wakaja wavulana waliojifunga mashuka ya rangi ya chungwa mpaka vifundoni, vichwa vimenyolewa vikang'aa. Hata nyusi zilikuwa zimenyolewa! Waliongozwa na mzee aliyevaa kama wao, wakaketi safu iliyotazamana na yetu. Baba akaninong'oneza kuwa ni watawa wa Kibudha kutoka Thailand, na hao wadogo ndio kwanza wanafundishwa. Haki ya Mungu, nilisahau kufunga mdomo. Kanisani kwetu Mesaimeer siku za Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya mapumziko Doha, nilizoea kuona watu wa kila taifa na kila vazi, lakini mtoto wa rika langu asiye na nyusi nilikuwa sijamwona.

Na mimi, wacha niseme ukweli, nilikuwa na njaa ya marafiki. Joto la Doha lilitufungia ndani, shule ilikuwa ni kupanda basi na kushuka basi, na kwenye ghorofa letu wenzangu wa kucheza nao walikuwa Kevo, na Kevo tena. Kwa hiyo nikainuka. Mama alikuwa ametufundisha kusalimu kama wanavyosalimu kwao Bungoma: mkono wa kulia unautoa, wa kushoto unashika kiwiko cha ule wa kulia, unainama kidogo. Kwake, usipompa mtu mkono ni kama hujamwona. Nikamchagua mvulana mmoja wa kimo changu, mwenye masikio makubwa, nikamtolea salamu hiyo bila kukosea hata kitu kimoja.

Akarudi nyuma, mikono akaificha ndani ya shuka.

Nilibaki na mkono wangu hewani, watu wakitazama. Kabla sijajua niufanye nini, Kevo akanipita akiwa na pakiti ya juisi, hakusalimu, hakuomba ruhusa, akapanda kiti cha pembeni na kumpapasa yule mvulana upara. Na mvulana akacheka! Niliumia vibaya sana. Nilirudi kwa mama nikilia, nikasema nimekataliwa, na kwamba sitaki tena kumsalimu mtu yeyote maishani.

Baba akaenda kuzungumza na yule mzee, aliyekuwa na Kiingereza cha kuokoteza, kisha akarudi akachutama mbele yangu.

"Si wewe, Nekesa," akasema. "Kwao mtawa hagusani na mwanamke, awe mkubwa awe mdogo. Hata mama yako hawezi kumpa kitu mkononi."

Nikauliza, basi mbona Kevo? Baba akanijibu kwamba Kevo ni mwanamume. Nilimtazama mwanamume huyo, kaptula ameivaa nyuma mbele, juisi imemchirizika mpaka kwenye viwiko, nikaona dunia haina haki.

Mama kwa upande wake alikuwa amesikia jambo moja tu, kwamba watoto wale hawawezi kupewa kitu. Akauliza kwa hiyo wakae na njaa? Yule mzee akatabasamu, akatandika kitambaa cha manjano kwenye kiti kitupu. Mama akaweka chapati juu yake, akasogea, nao wakazichukua. Walizila kwa adabu mpaka makombo, na mama akasahau ukungu.

Mimi nilikuwa nakikodolea macho kile kitambaa. Nikamwonyesha mzee kamera, akaitikia kwa kichwa. Nikawapiga picha wakiwa wamekaza nyuso kama wanaopigwa ya pasipoti, kisha nikaiweka kamera kwenye kitambaa na kurudi hatua moja. Mwenye masikio akaichukua, akajiona, akaziba mdomo kucheka. Akanipiga mimi, akairudisha. Nikaichukua. Loo, tulicheza hivyo asubuhi nzima! Nilimpiga akivuta masikio, akanipiga nimetoa ulimi, kamera ikienda na kurudi juu ya kile kitambaa, na katika mchezo ule mimi nikawa na rafiki.

Ukungu ulipoinuka, ndege yao ikaitwa kwanza. Nilitaka picha ya mwisho, rafiki yangu akiwa na Kevo. Akamshika Kevo mkono akautikisa, nikabonyeza, wakaondoka. Kevo akaja mbio akanishika mkono kwa nguvu, kiganja kinanata juisi. Nikajinasua, nikamwambia akanawe.

Picha ile ilinikera miaka mingi, kwa sababu anayesalimiwa ni Kevo lakini mvulana ananitazama mimi. Mwaka jana nilikuwa nazipitia picha zetu za Doha, Kevo akiwa amenitembelea, mtu mzima sasa na ndevu zake. Ndipo nikaona mkono wa kushoto wa yule mvulana. Umeshika kiwiko chake cha kulia, na ameinama kidogo. Hakuna aliyemfundisha hivyo isipokuwa mimi, mara moja tu, kwa ule mkono aliouacha hewani.

Nikamwita Kevo, machozi yakinilengalenga, nikaanza kumweleza polepole. Hakushangaa hata kidogo.

"Si ni salamu yako," akasema. "Nilikuletea. Ukaniambia nikanawe."