Nilificha Mkono Mfukoni, Droni Ikaniumbua Ukweni

Mimi ni muongo. Naanza hapo hapo kabla sijaanza kujipamba. Nimemdanganya mtu aliyekuwa ananiamini, na nimeharibu maji ya watu mwisho wa kiangazi, tena watu wa Newala! Aliyewahi kuishi kule juu mlimani anajua hilo la maji ni kosa la namna gani. Lakini la kwanza ndilo linaloniuma.

Jina langu liacheni. Masasi ni ndogo na warusha droni tunajuana. Nikitaja hata mtaa tu, shangazi zangu watapiga simu kabla hamjamaliza kusoma.

Mkono wangu wa kushoto haufanyi kazi. Nilianguka na bodaboda pale Nanganga, mifupa ikaunga, mishipa ya fahamu ikagoma. Mkono upo, hauna hata kovu la kutisha, nauvalisha na saa. Ila ukiuambia njoo, hauji.

Zamani nilikuwa napiga video za harusi kwa kamera ya begani. Baada ya ajali kila mtu akanipa pole na ushauri wa kufungua kibanda cha vocha. Mimi nikaleta droni! Mama akadhani nimeumia na kichwa.

Na kweli, rimoti ya droni ina vijiti viwili, kila kimoja na mkono wake. Cha kushoto kinaipandisha, kuishusha na kuizungusha. Cha kulia kinaipeleka mbele, nyuma na pembeni. Nikamwendea jirani yangu, fundi wa vinyago, akanichongea kibao cha kuvaa shingoni kwa mkanda, rimoti inakaa juu yake kama chai kwenye sinia. Nikautandaza mkono wangu wa kulia kama mtu anayepima shibiri, gumba kwenye kijiti kimoja, kidole cha mwisho kwenye kingine.

Jamani! Siku ilipopaa ikatulia angani juu ya uwanja wa mpira, nilicheka peke yangu mpaka mbuzi wakaacha kula! Nikaipeleka kulia, ikaenda. Nikaiambia rudi, ikarudi. Mkono wa nyama ulikuwa haunisikii, na hili dude lililoko juu ya miti linanisikia! Nilirudi nyumbani naruka ruka kama nimefunguliwa kutoka jela.

Kwa upole navichezesha vijiti vyote viwili bila shida. Mambo yakiwa ya haraka ndipo natawala kimoja tu. Hapo ndipo mtaniona mjinga baadaye.

Basi nikapata harusi Tandahimba, na hukohuko nikampata Somoe. Si jina lake, lakini linamfaa. Watu wote wakiuona mkono wangu hutazama pembeni kwa adabu. Yeye alikuja moja kwa moja akauliza, "Na huo mwingine unalipwa nusu?"

Nilicheka hadi picha ya bwana harusi ikatikisika. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutafuta sababu za kupanda Newala, kwao.

Sasa huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba wa binti utampa shikamoo zake zote, lakini mjomba akisema hapana, kunja mkeka wako. Somoe akaniambia mapema, "Mpigie mjomba, umwambie habari ya mkono kabla hajakuona. Hapendi kushtukizwa."

Nikampigia. Tukaongea korosho. Tukaongea salfa ya kupulizia mikorosho. Tukaongea mvua. Kila nikifungua mdomo niseme mkono, natoka na jambo jingine. Mwisho nikasema "haya mjomba, usiku mwema," na ilikuwa saa nne asubuhi!

Somoe akauliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaongeza. Nikasema, "Kasema mkono si neno. Kasema mwanamume ni moyo, viungo ni mapambo."

Yaani nilimtungia mjomba wa watu mpaka busara! Somoe akalia kwenye simu kwa furaha. Akasema hakujua mjomba wake ana moyo mkubwa hivyo. Na mimi, bila haya, nikasema hata mimi nilishangaa.

Haikupita muda mjomba akatuma neno: "Huyo anayesema kazi yake ni kurusha ndege, aje airushe niione. Mshenga atafuata baadaye."

Nikaenda. Jua la kupasua mawe, na mimi nimevaa koti! Mkono wa kushoto nimeutia mfukoni, umetulia kama wa meneja wa benki. Nilikuwa na hakika moja kichwani: mzee akijua, hanipi binti. Kwa hiyo bora anione mtu wa mbwembwe kuliko mtu wa kuhurumiwa.

Uani watu walikuwa wamejaa. Bibi yake Somoe alikuwa amekaa mkekani, na kwa kuwa mimi ni Myao na wao Wamakonde, utani ukaanza kabla sijakaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Myao. Umekuja kuoa au kuiba kuku?"

"Kuku nitamchukua wakati wa kuondoka, bibi. Niko likizo kwanza."

Wakacheka wote. Nikajiona nimeshaoa. Mjomba akaja na bakuli la korosho za kukaanga, akanipa kwa mikono miwili kama ilivyo heshima. Nami nikapokea kwa mmoja.

Uso wa mjomba ukabadilika. Bibi akadakia, "Wayao siku hizi mnapokea hivyo kwa wakubwa?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa wa kusema ukweli! Mimi nikasema, "Huu mmoja unatosha bibi, sijaja kubeba magunia." Vijana wakacheka. Mjomba hakucheka. Somoe alipita na sufuria akielekea jikoni, akamtazama mjomba wake kwa shukrani nzito, yale macho ya kusema ahsante kwa kumpokea mchumba wangu na upungufu wake. Mzee wa watu akajitazama shati kama limechafuka.

Nikavaa kibao changu. Mjomba akauliza, "Unarusha kwa mkono mmoja?"

Mlango wa pili huo! Nikajibu, "Mjomba, ya mikono miwili ni ya wanaojifunza."

Ee Mola, ulimi huu!

Ikapaa. Na hapo sitadanganya, nilikuwa katika ubora wangu! Niliipandisha juu ya bati, nikaizungusha juu ya mikorosho ya mjomba, nikaipeleka mpaka ukingoni ambako ardhi ya Newala inakatika na bonde linaanza. Mjomba akaja kuchungulia kioo. Chini kabisa Ruvuma unang'aa, na ng'ambo yake kumetanda bluu.

"Ile si Msumbiji ile?"

"Ndiyo yenyewe, mjomba."

"Na sisi tumekaa hapa hapa uani!" Akapiga kofi paja lake kama mtoto. Bibi akavutwa naye aone. Nikamwonyesha paa la nyumba yake. "Kumbe bati langu lina kutu hivi! Na nyie mnanyamaza?" Akapiga vigelegele vya hasira na furaha kwa pamoja. Uani kukawa sherehe. Mimi natokwa jasho ndani ya koti na nacheka, nacheka, naona harusi hiyo inakuja.

Akatokea mwewe.

Mwewe hapendi mgeni angani kwake. Alishuka kama jiwe, akapiga droni ubavuni, ikayumba, na upepo wa ukingoni ukaanza kuivutia bondeni. Hapo dawa ni kuirudisha na kuipandisha kwa nguvu zote mara moja, vijiti vyote viwili hadi mwisho. Na mimi kwa nguvu zote nina kimoja tu! Nikiirudisha, mwewe huyu hapa juu yake. Nikiipandisha, upepo unaichukua kwenda Msumbiji kwa Wareno.

Ingetosha mtu mmoja kuniwekea kidole kwenye kijiti cha pili. Mtu mmoja tu! Walikuwa zaidi ya ishirini pale. Lakini ningeombaje, na mimi nimeshajigamba kwamba mkono mmoja ni ubingwa?

"Toa mkono mfukoni!" vijana wakapiga kelele.

"Kijana, acha mbwembwe," mjomba akasema, "shika kwa mikono miwili!"

"Hauhitajiki, mjomba!" Sauti yenyewe ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Niliirudisha, lakini panga moja la feni zake limevunjika, inakuja upande upande kama mlevi. Uani wote ni mchanga mwekundu, na mchanga ni sumu ya injini zake. Pa kutulia palikuwa mahali pamoja tu, juu ya kisima cha saruji wanachokingia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Nikalenga hapo. Sikuona kwamba mfuniko umefunguliwa, maana kina mama walikuwa wanateka maji ya kunipikia mimi mgeni.

Chubwi!

 Kisha bibi akasema, "Ilikuwa na kiu."

Hakuna aliyecheka. Kule juu kisima hicho ndicho ghala. Maji yaliyokuwemo yalikuwa mabaki ya kuwafikisha mvua za kwanza, na sasa yana droni na betri yake. Nilitamani kuifuata humo humo.

 Mjomba akashusha ndoo kubwa, akapapasa nayo mpaka ikaizoa droni pamoja na maji, kisha akanikabidhi kamba. "Vuta. Ndege ni yako."

Kamba ya kisima huvutwa kwa mikono kupokezana. Niliishika. Nikavuta kwa wa kulia, nikaikanyaga kwa mguu isirudi. Nikainama, nikavuta tena, nikakanyaga. Katika kuinama kule, wa kushoto ukatoka mfukoni wenyewe, ukawa unaning'inia, saa inagonga saruji, ko, ko, ko. Watu wote wanatazama. Mimi navuta na kukanyaga, koti limelowa, machozi na jasho sijui kipi ni kipi.

Somoe akatoka jikoni mbio. "Mjomba! Unampaje kamba na unajua mkono wake?"

"Mkono upi?"

"Si alikuambia kwenye simu? Ukamjibu mkono si neno, mwanamume ni moyo, viungo ni mapambo."

Mjomba akanitazama. "Mimi? Mimi nilisema hayo?"

Aibu niliyoiona, wasomaji, simwombei hata mwewe yule!

Mjomba akaja, akashika kamba upande wa pili, tukavuta pamoja. Ndoo ilipofika juu nilimwona mabega yanatikisika. Nikajua ni hasira. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

"Nilishakukataa tangu kwenye bakuli la korosho," akasema akifuta macho. "Nikasema huyu kijana ana dharau, ana mikono miwili anatupa mmoja. Kumbe huo mmoja ndio ulionipeleka Msumbiji! Mlete mshenga. Na yale maneno sikuyasema mimi, lakini ni mazuri, nitayatumia."

Bibi akapiga vigelegele. Vijana wakanibeba juu juu, koti na kila kitu. Nilicheka kama mwendawazimu. Yaani niliyemwogopa muda wote huo hakuwa na neno! Ningesema siku ile kwenye simu, tungemaliza kabla ya salfa!

Waliponishusha nikamtafuta Somoe. Alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, anatazama droni ndani ya maji.

"Mjomba kakubali!" nikamwambia.

"Nimesikia. Mimi bado."

Nikadhani utani. Nikacheka. Hakucheka.

"Niliwahi kulia kwa sababu ya maneno ya mjomba," akasema taratibu. "Kumbe nililia kwa sababu ya maneno yako. Mkono wako sijauogopa hata siku moja. Sasa naogopa mdomo wako."

Nikamgeukia mjomba, mwenye neno, aliyetoka kutamka ndiyo mbele ya watu wote. Akainua mikono yake miwili. "Hapo mimi siingii," akasema.

Droni ilikufa. Siku hizi naazima ya wenzangu, na kazi zinakwenda. Maji yale walimwagia mipapai, na mpaka mvua zilipokuja nilikuwa nikipanda Newala kila nikipata nafasi, nakodi guta la magurudumu matatu, nawajazia madumu bombani. Mjomba hunikaribisha vizuri. Bibi huniuliza kama leo nimekuja kuwanyeshea. Tunacheka sana pale uani, na mkono wangu siku hizi unaning'inia hadharani.

Wewe unayesoma, ambaye una jambo lako mwilini au nyumbani unaloona litakukosesha mtu: liseme. Usiliseme nusu, wala usilitungie mashairi! Anayekupenda ameshaliona. Utakachomfundisha kwa kulificha ni kwamba unajua kuficha.

Somoe hajanikataa. Simu zangu anapokea. Ila nimempa ugonjwa ambao sijui dawa yake. Nikimwambia nimefika salama, ananiuliza, "Kweli?" Nikimwambia nimekula, "Kweli?" Juzi nilikusanya nguvu zangu zote, nikamwambia nampenda.

 Nikamsikia anavuta pumzi.

"Kweli?"