Mahojiano na Mama Dorka wa Kosele

Aibu hii nimeibeba miaka miwili sasa, na mkicheka chekeni polepole, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka nywele zinanisimama.

Nilikuwa namalizia utafiti wangu wa chuo kuhusu kuhifadhi mahindi, na kulikuwa na sentensi moja tamu kuhusu majivu ghalani ambayo niliisoma kwenye simu mahali fulani nisipaandike (uvivu tu, sina kisingizio), na mwalimu wangu alishatuonya kwamba neno lisilo na chanzo analikata, basi nikatunga mtu: "Mahojiano na Mama Dorka Akoth, Kosele, Agosti." Mimi Mkuria wa Kehancha, Kosele nimeipita tu barabarani, huko simjui hata kuku.

Siku ya kutetea kazi, wakulima wamealikwa, ukumbi umejaa, nikalisoma jina hilo kwa madaha. Mwanamume wa makamo akasimama nyuma.

"Huyo ni mama yangu," akasema. "Dorka Akoth wa Kosele ni mmoja tu. Na tulimzika Aprili, kabla ya hiyo Agosti yako."

Nikangoja anitukane. Badala yake akauliza kwa upole, "Kijana, ulimpata amekaa wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu nikairefusha: nikasema mlangoni, kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Mkewe, aliyebeba binti mchanga aliyekuwa akilia tangu asubuhi, akaziba mdomo kwa mkono.

"Ni yeye! Hivyo ndivyo alikuwa anakaa. Mathe wetu amekuja kudai jina lake. Tumejaribu majina yote, huyu mtoto hanyamazi."

Kumbe kwao marehemu humjia mtu, hata mgeni, akitaka mtoto aitwe jina lake, na mjumbe wake sasa nilikuwa mimi! Hapo niliogopa kuliko kufeli. Nikakiri mbele ya wote kwamba sikuhoji mtu, jina nimelitunga. Viti vya mbele vikaangua kicheko, mwalimu wangu akainamisha kichwa, nikatamani ardhi ipasuke.

Yule mama hakucheka. Akamwinamia binti yake, akanong'ona, "Akoth."

Mtoto akanyamaza. Kicheko nacho kikakatika.

Nilipewa miezi sita niandike upya, na nimeapa sitatunga chanzo tena, siku hizi hata methali nauliza nimeisikia kwa nani. Lakini kwenye kazi ile ya kwanza mwalimu aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, "Jina hili ulilitoa wapi?" Nimepekua simu na madaftari yote, na mpaka leo sijui.