Mpunga, mapepe na mama mkwe

Leo nimeshinda ubishi na mama mkwe wangu, na bado sijui uso niuweke wapi.

Tuko kwake Mchombe, anapepeta mpunga. Anainua ungo juu ya kichwa, anamimina taratibu. Punje nzima zinatua kwenye turubai, mapepe, yale maganda matupu, yanachukuliwa na upepo.

Mimi mwalimu wa fizikia, mdomo ukaniwasha.

"Mama, unajua hewa isipoingilia, kizito na chepesi vinaanguka sawasawa?"

Akanitazama. "Yaani punje na pepe vifike chini pamoja?"

"Pamoja kabisa."

Akanikabidhi ungo. "Haya baba, nionyeshe."

(Mkwe anapepeta mbele ya mama mkwe, jamani! Mke wangu akawahi simu, akaanza kurekodi.)

Nikainua ungo. Upepo nao ukakata papo hapo, hata jani halitikisiki. Nikamimina.

Vyote vikashuka rundo moja, mapepe yakichelewa kidogo tu. Tena juu ya mpunga aliousafisha tangu asubuhi!

"Umeona, mama?" Nilikuwa nashangilia, wallahi.

"Nimeona." Akavuta kigoda, akakaa. "Ndiyo maana upepo ukikata huwa tunapumzika."

Miaka yote nafundisha nguvu ya mvutano wa dunia, na sijawahi kujiuliza wapepetaji wanapokaa kimya huwa wanasubiri nini.

Jumatatu naingia darasani na ungo.

Kwa sasa nimekaa kando ya rundo, nimeachiwa lote nilirudie. Huko kwenu kuna upepo?